Lugha Moja ya Nchi: Yafaa au Haifai?



Jambo nililoombwa kulieleza jioni hii ni swali ambalo watu wa nchi nyingi wamelishindania, na mahali pengine hata damu imemwagika kwa ajili yake. Swali lenyewe ni hili: Je, yafaa nchi yenye makabila mengi ichague lugha moja na kuifanya lugha yake, itumiwe katika serikali, katika mahakama na katika shule?

Najua yuko atakayesema, "Swali hili sisi Watanzania tulikwisha lijibu zamani. Mbona mwalimu atuletea kiporo?" Naam, tulilijibu, lakini nia yangu ni kuonyesha kwamba jibu letu bado ni nusu jibu, na ya kuwa hiyo nusu iliyobaki ndiyo imgusayo zaidi mtu asiye na elimu kubwa. Mimi ni mwalimu wa walimu. Nilizaliwa upande wa Handeni, nikasomeshwa katika shule ya misioni, na sasa kazi yangu iko Korogwe, kuwafunza vijana watakaowafunza watoto wenu. Kwa hiyo sitakwenda mbali kutafuta mifano. Nitaanza na wilaya zetu hizi mbili, Handeni na Korogwe, kisha tutatazama nchi nyingine, tupate kupima.

Kwanza ni vema tupambanue maneno, maana mabishano mengi juu ya jambo hili hutokana na watu kutumia neno moja kwa maana mbili. Iko lugha ya mama, ambayo mtoto huinyonya pamoja na maziwa. Iko lugha ya taifa, ambayo watu wa makabila mbalimbali hukutana nayo sokoni, safarini na kazini, wakajiona kuwa ni watu wamoja. Tena iko lugha rasmi, ndiyo lugha ya serikali, ambayo sheria huandikwa kwayo, na hukumu, na barua za ofisini, na mitihani ya shule. Majirani zetu wa Kenya walipotunga katiba yao ya mwaka 2010 walizipambanua vizuri: Kiswahili walikiita lugha ya taifa, kisha Kiswahili pamoja na Kiingereza wakaviita lugha rasmi. Lugha ya taifa na lugha rasmi zikiwa moja, mwananchi husikia vizuri serikali yake inapomwambia jambo. Zikiwa mbili, husimama mlangoni akimngoja mtu wa kumfasiria.

Sasa tuulize, Kiswahili kilifikaje huku kwetu? Wengi wadhani kwamba kililetwa kwa amri. Sivyo. Kilikuja kwa miguu. Zamani za misafara, wafanya biashara wa Pangani na Tanga walipanda bara kufuata bonde la mto Ruvu, wakipita katika nchi ya Wazigua na chini ya milima ya Wasambaa. Semboja, mwana wa Mfalme Kimweri, alipokaa Mazinde njiani pa misafara hiyo, alikuwa na watu wa pwani katika baraza lake, na mmoja wao ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Huyu ndiye aliyeandika Habari za Wakilindi, historia ya ukoo uliotawala Usambara. Basi angalieni: kitabu chaeleza habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Unguu akawa mkuu wa Wasambaa, nacho kimeandikwa kwa Kiswahili. Tangu wakati ule watu waliona kwamba habari za kabila zaweza kuelezwa kwa lugha isiyo ya kabila, wala haziharibiki.

Kisha ikaja reli. Wadachi walianza kuijenga Tanga mwaka 1893; ikafika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, na baada ya miaka michache mashamba yakaenea pande zote za Korogwe: Ngombezi, Magunga, Mazinde, Kwamndolwa. Wenyeji hawakutosha kwa kazi ile, wala wengi hawakuipenda. Basi wakaletwa watu kutoka mbali, Wanyamwezi, Wabena, Waha, Warundi, Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma na wengine wengi, na kwa sababu kila mtu aliandikwa namba yake, wakaitwa manamba. Kila mmoja alipewa kipande, na siku 30 za kazi zilipotimia kipande kikajaa, akalipwa.

Fikirini mstari mmoja wa wakata mkonge asubuhi. Mnyamwezi hajui Kibena, Mbena hajui Kimakonde, na nyapara hajui lugha hata moja ya hizo. Watazungumza nini? Walizungumza Kiswahili, kwanza cha kubabaisha, kisha kizuri. Na watoto wao waliozaliwa katika kambi zile hawakujua kingine. Ndiyo sababu mpaka leo ukipita Korogwe utamkuta mzee ambaye babu zake walitoka Kigoma na Msumbiji, naye akiulizwa lugha ya kwao, atasema, "Mimi ni mtu wa Korogwe tu, nasema Kiswahili."

Serikali zilikuja nyuma ya mambo haya, wala hazikuyatangulia. Wadachi walikikuta Kiswahili kimeenea njiani, wakakitumia kwa makarani wao, kwa maakida na majumbe, na katika shule yao ya Tanga. Pale Tanga ndipo lilipopigwa chapa gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904. Waingereza nao wakaendelea. Mwaka 1925 ulifanyika mkutano wa elimu Dar es Salaam. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha kuandikia, ijapokuwa watu wa Mombasa waliona kwamba Kimvita, chenye mashairi ya zamani, ndicho kingestahili. Na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha, ambayo kamusi yake ilitoka mwaka 1939.

Kisha wananchi wenyewe wakaichukua lugha hiyo na kuifanyia kazi ambayo wageni hawakuikusudia. Chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, wasemaji wake waliweza kuhutubia karibu kila mahali bila mkalimani. Baada ya uhuru, Januari 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitoa agizo kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili; na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, nazo shule za msingi zikaagizwa kufundisha masomo yote kwa Kiswahili.

Hapa twapata somo la kwanza. Lugha ile ilikuwa ya taifa kabla haijaitwa ya taifa. Agizo la mwaka 1967 lilikuwa kama baba amwitaye mtoto jina, naye mtoto amekwisha zaliwa, tena anatembea.

Kuna mtu atakayeniuliza, "Je, mwalimu, husemi habari za utumwa? Misafara ile ya Pangani haikuchukua pembe tu, ilichukua na watu. Nasi Wazigua twajua." Ni kweli, wala haifai kuficha. Kiswahili kilisemwa na aliyeuza watu na aliyeuzwa pia. Lakini lugha haina mikono ya kumfunga mtu minyororo. Waliofunga ni watu. Tena lugha ile ile ndiyo baadaye waliyodaia haki manamba walipotaka mshahara bora, na ndiyo iliyodai uhuru. Tukiihukumu lugha kwa dhambi za wote walioisema, hatutapata lugha hata moja duniani iliyo safi.

Sasa tutazame nchi nyingine, tuone kama desturi hii yatuhusu sisi peke yetu.

Indonesia ni nchi ya visiwa vingi na lugha mamia. Kabila lililo kubwa kupita yote ni Wajava. Lakini vijana wa nchi ile walipokutana tarehe 28 Oktoba 1928 na kuweka ahadi ya kuwa taifa moja lenye lugha moja ya umoja, hawakuchagua Kijava. Walichagua Kimalei, lugha ya bandarini na ya biashara, iliyosemwa kama lugha ya mama na watu wachache kuliko Kijava, lakini iliyojulikana pwani zote. Nchi ilipojitangazia uhuru mwaka 1945, katiba yake ikaifanya kuwa lugha ya dola. Mwaona jinsi hadithi yao ifananavyo na yetu? Mkubwa hakumlazimisha mdogo aseme lugha yake, kwa hiyo hapakuwa na kabila lililojiona limeshindwa.

Sasa tazameni kinyume chake. Pakistani ilipozaliwa mwaka 1947 ilikuwa na pande mbili, na watu wa upande wa mashariki, waliokuwa wengi, walisema Kibengali. Mwaka 1948 viongozi walitangaza kwamba Kiurdu peke yake ndicho kitakuwa lugha ya dola. Wanafunzi wa mji wa Dhaka wakakataa, na tarehe 21 Februari 1952 polisi wakawapiga risasi, wengine wakafa. Mwaka 1956 katiba ilikikubali Kibengali pia, lakini kidonda kilikuwa kimekwisha ingia usaha. Na pamoja na manung'uniko mengine, mwaka 1971 upande ule ulijitenga ukawa Bangladesh. Shirika la UNESCO liliiweka tarehe hiyo, 21 Februari, kuwa siku ya lugha za mama duniani.

Na mfano wa tatu u karibu zaidi. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Tangazo lilikuwa sawa na letu, wala lugha haikuwa tofauti. Lakini Waganda wengi walikuwa wamekisikia Kiswahili kinywani mwa askari mwenye bunduki kwanza, na hofu ile ilidumu miaka mingi baada ya Amin kuondoka. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mpaka leo kazi ya kuwapatanisha watu nacho yaendelea polepole.

Basi, kutokana na mifano hiyo, jibu langu kwa swali la jioni hii ni hili. Naam, yafaa nchi iwe na lugha moja ya kuwaunganisha watu wake, kama lugha hiyo imekwisha julikana na wengi, kama si mali ya kabila moja kubwa, na kama kuichagua hakumzibi mtu mwingine kinywa. Kiswahili chetu kilikuwa na sifa hizo. Lakini pana sharti la nne, nalo ndilo nililosema kwamba tumelitimiza nusu: lugha ikichaguliwa, sharti ifanye kazi yote, isifanye kazi za chini tu. Na njia ya kuipima si kusikiliza hotuba. Tumchukue mtu asiye na elimu kubwa, twende naye mahali ambapo haki yake yaamuliwa, tuone kama aelewa.

Twendeni kwanza mahakamani. Tuseme mkulima wa Sindeni ana kesi ya mirathi ya baba yake. Katika mahakama ya mwanzo kila kitu kilikuwa kwa Kiswahili tangu zamani, naye alijieleza vizuri. Lakini kama hakuridhika, akakata rufani kwenda mahakama ya wilaya, mashauri yaliweza kusemwa kwa Kiswahili au Kiingereza, lakini mara nyingi kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Maana yake, mtu huyu alipewa karatasi iliyoeleza kwa nini shamba la baba yake ni lake au si lake, naye hawezi kuisoma. Ilimpasa kumlipa mtu amsomee. Na msomaji akikosea, au akidanganya, mkulima angejuaje? Hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 2021, yaani miaka 54 baada ya agizo la Kawawa, ndipo Bunge lilipobadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zote, na Kiingereza kikaruhusiwa pale tu ambapo haki yahitaji hivyo. Ni jambo kubwa, na lilistahili kupigiwa vigelegele kuliko lilivyopigiwa. Lakini sheria nyingi zilikuwa zimetungwa kwa Kiingereza, na kuzifasiri si kazi ya siku moja, maana neno moja likifasiriwa vibaya laweza kumpoteza mtu nyumba yake. Wafasiri wa sheria ndio watakaoamua kama mabadiliko yale yatakuwa ya kweli au ya karatasini.

Sasa twendeni hospitali. Hapa pana mambo mawili. Jambo la kwanza ni maandishi yaliyo juu ya vikasha vya dawa, ambayo mara nyingi ni ya Kiingereza, na mgonjwa hutegemea kukumbuka maneno ya mganga: viwili asubuhi, viwili jioni. Jambo la pili latuhusu sisi tunaopenda Kiswahili, nalo hatulipendi kulisema. Wako mabibi wazee, katika vijiji vya ndani vya Handeni na vya milimani Korogwe, ambao Kiswahili chao ni cha salamu na cha soko tu. Wakiumwa, maneno ya maumivu huja kwa Kizigua au kwa Kisambaa. Muuguzi aliyetoka Kilimanjaro au Mara hawezi kumsikia, na mjukuu wa miaka 10 huwa ndiye mkalimani wa mambo ambayo hayampasi mtoto kuyasikia. Kwa huyu bibi, Kiswahili nacho chaweza kuwa mlango uliofungwa. Sisemi haya ili kukitweza. Nasema ili tukumbuke kwamba lugha ya taifa huwekwa kwa ajili ya watu, wala watu hawakuwekwa kwa ajili yake.

Sasa twendeni shuleni, na hapa mtaniwia radhi nikikaa kidogo, maana ndipo kazi yangu ilipo.

Katika shule zetu za msingi za serikali mtoto husoma kwa Kiswahili miaka yake yote. Hujifunza kwamba jani la kijani hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua, na jina la jambo hilo huambiwa ni usanisinuru. Huuliza maswali, hubisha, hucheka. Kisha hufaulu, huingia kidato cha kwanza, na siku ya kwanza karibu masomo yote isipokuwa Kiswahili yageuka kuwa Kiingereza. Jani ni lile lile, jua ni lile lile, lakini mtoto amenyamaza. Nimewatembelea vijana wetu wakiwa katika mazoezi ya kufundisha, nikakaa nyuma ya madarasa mengi. Nimeona mwalimu kijana akieleza kwa Kiingereza, na macho ya watoto yakimtazama kama watu watazamao gari likipita. Kisha mwalimu hunitupia jicho mimi, hushusha sauti, na kuieleza habari yote upya kwa Kiswahili. Hapo ndipo mikono huinuka. Lakini mtihani utakapokuja hautauliza kwa Kiswahili. Basi mtoto huandika ubaoni na daftarini, hukariri sentensi nzima nzima, na aliyekariri vizuri huitwa mwenye akili.

Mwalimu yule afanya makosa? Kwa kanuni, ndiyo. Kwa haki, ni yeye pekee aliyefundisha siku ile.

Jambo hili si geni kwa wakubwa wetu. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri kwamba Kiswahili kipande mpaka sekondari na chuo kikuu, huku Kiingereza kikifundishwa vizuri zaidi kama somo. Ushauri huo haukufuatwa. Sera ya elimu ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilisema tena kwamba Kiswahili kitumike katika ngazi zote. Lakini mpaka leo Kiingereza ndicho kifundishiacho katika sekondari zetu.

Wapo wazazi watakaonijibu, "Mwalimu, wewe umekwisha pata Kiingereza chako, sasa wataka kutufungia mlango." Nawaheshimu wazazi hao, na hoja yao si ndogo. Kiingereza ni lugha ya vitabu vingi, ya biashara na ya dunia, na mtoto wa Handeni anayo haki ya kukijua kama mtoto wa mjini. Lakini tupambanue tena. Kujifunza Kiingereza ni jambo moja. Kujifunza hesabu, kemia na historia kwa Kiingereza usichokijua ni jambo jingine. Mtu akitaka kumfunza mwanawe kuogelea hamfungi mzigo wa kuni kichwani kwanza. Mtoto aliyeielewa kemia kwa lugha aijuayo ataipata kwa Kiingereza pia, akifundishwa Kiingereza na mwalimu anayekijua. Lakini aliyeikosa kemia kwa sababu ya Kiingereza, mara nyingi amekosa vyote viwili. Na aumiaye zaidi ni yule ambaye nyumbani hapana kitabu cha Kiingereza wala wa kumsaidia. Mtoto wa tajiri amekwisha pelekwa shule ya kulipia tangu utoto.

Wengine husema, "Kiswahili hakina maneno ya elimu." Maneno yapo, na yasiyokuwapo huundwa. Tena hapa ndipo lugha zetu za mama zinapoonyesha thamani yake. Neno ikulu latoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Neno kung'atuka, ambalo nchi nzima ililijua Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, latoka kwa Wazanaki. Neno kitivo, litumiwalo katika vyuo vikuu, latoka katika milima ya kwetu, kwa Wasambaa na Wapare, ambako maana yake ni nchi ya bondeni yenye rutuba. Lugha ya taifa yachota maji katika visima hivyo. Visima vikikauka, itachota wapi?

Nchi yetu ina lugha zaidi ya 120, na nyingi zasemwa na watoto wachache kila mwaka. Huko Korogwe mjini na Handeni mjini, mtoto asemaye Kisambaa au Kizigua kwa ufasaha amekuwa kama mgeni. Wengine hudhani hili ndilo gharama ya umoja, kwamba ili tuwe taifa sharti tusahau. Mimi sikubali, na nina ushahidi wa karibu sana.

Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa, katika njaa na katika utumwa, wakavushwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia. Wengine walitoroka, wakafanya makao yao kando ya mto Juba, wakalima. Vizazi vilipita, nao hawakuiacha lugha yao. Wenyewe huiita Chizigula. Vita ilipoivunja Somalia mwaka 1991, walikimbia, na baadhi yao wakafika Tanzania. Serikali ikawapa makao katika Handeni, kwanza Mkuyu, kisha Chogo. Wenyeji walipowasikia wakizungumza, walisikia lugha ya babu zao. Baadaye wengi wao walipewa uraia. Na sheria ya uraia ya mwaka 1995 humtaka mgeni ajue Kiswahili au Kiingereza.

Tafakarini habari hiyo, wasikilizaji. Lugha ya mama iliwaonyesha watu wale asili yao baada ya zaidi ya miaka 100 ugenini, bila kitabu na bila shule. Nacho Kiswahili chawawezesha kuzungumza na Mchaga, na Mhaya, na hakimu. Lugha ya kwanza iliwarudisha nyumbani. Ya pili yawapa nchi. Haikuwapasa kuichoma moja ili kuipata nyingine.

Kwa hiyo shauri langu ni mambo matatu, nami nitayataja kwa ufupi.

La kwanza lawahusu wazazi. Semeni na watoto wenu lugha ya kwenu nyumbani, bila haya. Kiswahili watakipata nje ya mlango. Hakuna mtoto wa Tanga aliyekikosa. Lakini Kizigua au Kisambaa wasipokipata kwenu, hawatakipata kwa mtu. Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa.

La pili latuhusu walimu. Kuna shule ambako mtoto huvikwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha isiyotakiwa. Acheni desturi hiyo. Kibao kile hakifundishi lugha. Chafundisha kunyamaza, na mtoto anyamazaye hafundishiki. Tena yeyote afundishaye Kiingereza na akifundishe hasa, kwa vitabu na mazungumzo, maana kukitetea Kiswahili si kukidharau Kiingereza.

La tatu lawahusu wakubwa wetu. Dunia imekipa Kiswahili heshima nyingi. Mwaka 2019 nchi za SADC zilikifanya lugha yao rasmi ya nne; Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani; na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha ya kazi. Tunashukuru. Lakini ni ajabu lugha itumike katika kikao cha marais, na isitumike katika darasa la kemia la Handeni. Sisemi tugeuze kila kitu kesho asubuhi. Vitabu sharti viandikwe, walimu sharti waandaliwe, tena hilo lahitaji fedha na miaka. Basi tuanze kwa somo moja au mawili, tuweke tarehe, tuishike. Mahakama zilingoja miaka 54, wala watoto wa kidato cha kwanza hawana miaka hiyo ya kungoja. Wanayo minne tu, kisha mtihani.

Wasikilizaji, nimemaliza. Mliozoea kubishana barazani, lichukueni neno hili mkalibishanie. Kwaherini, na usiku mwema.